Safu Isiyo na Jina

Mimi ni mhasibu wa karakana ya Nambozo,
hapa Mbale, nyuma ya maghala ya mahindi,
mlima Wanale ukituchungulia juu ya mabati.
Tunaunda mashine za kumenya kahawa mbivu.
Zinamenya. Ila mbegu moja katika kumi
hutoka imechubuka, na iliyochubuka huvunda,
na iliyovunda mnunuzi huinusa tangu mlangoni.

Mwaka jana Nambozo akapanda ndege kwenda Coimbatore.
Nikaandika: tiketi. Nikaandika: viza, chanjo, hoteli,
asali ya kumpa mwenyeji.
Jumla ikanivua miwani.
"Unakwenda kununua nini?"
"Sijui," akasema. "Ningejua ningeagiza kwa posta."

Siku tisa.
Akarudi na kipande cha mpira ndani ya leso,
kama mtu aliyeiba jino,
na swali aliloulizwa na mhandisi mmoja, Palaniswami:
maji yakiwa haba, wakulima wenu
huifanya nini mashine?
Alikuwa amesimama katikati ya mitambo
inayong'aa kama sufuria za harusi,
akakosa jibu juu ya chuma alichokiunda mwenyewe.

Nikatafuta safu ya kuandikia swali.
Hakuna. Leja inajua nati, bati, dizeli,
inajua hata chai ya mlinzi.

Basi fundi Khaukha akatumwa Bududa.
Pikipiki ilipanda mpaka ikaomba kusukumwa,
akafika kwa Bi. Nabifo, mteja namba thelathini na saba,
akaikuta mashine yetu imevaa ukanda
wa tyubu ya baiskeli, uliokatwa kwa wembe, mshazari,
ukafungwa mahali palepale
tulipokusudia kuufunga mpira wa Coimbatore.
Mbegu zinatoka nzima, zinateleza.
Maji: ndoo mbili, kutwa.

"Nifundishe," akasema Khaukha.
Mama akafuta mikono, akaingia ndani,
akatoka na risiti.

Risiti ile naijua. Mwandiko ni wangu.
Kuondoa kifaa kisichoidhinishwa: shilingi elfu ishirini.
Miaka mitatu nyuma tulimpelekea fundi,
tukang'oa alichokibuni, tukamtoza gharama ya kung'oa,
nami nikaingiza kwenye mapato
na kupiga mstari chini yake, kwa rula.
Yeye akangoja vumbi la fundi litulie,
akakata tyubu nyingine.

"Rudisheni kwanza elfu ishirini.
Mengine baadaye."

Mali bila daftari, walisema, hupotea bila habari.
Hawakusema habari ya mali
inayopotea ndani ya daftari.

Nambozo hakutuma pesa kwa simu.
Alipanda mwenyewe, akalala huko siku nne,
akashuka na matope hadi magotini
na vipimo alivyoandika kwa kalamu mkononi,
kuanzia kiganjani hadi karibu na kiwiko,
akasimama mezani kwangu, mkono kaunyoosha:
"Nakili kabla sijaoga."

Sasa mpira ni wa kule, maana jua haliupasui,
na mkato ni wa Nabifo.
Bado, kahawa ya ukame, ile ndogo kama punje ya choroko,
inaziba mdomo wa mashine, na Khaukha anatukana.
Palaniswami ameandika barua:
mkato wenu ni wa nyuzi ngapi?
Nambozo hajajibu. Amempigia Nabifo
kumuuliza jibu hilo liuzwe bei gani.
Nabifo amesema atafikiri,
kwanza amalize kuchuma.

Nimechora safu mpya, kwa penseli.
Juu yake sijaandika neno.
Mstari wa kwanza: elfu ishirini, zimerudishwa.
Mstari wa pili nimeuacha wazi,
na kila simu inapolia karakanani
nashika penseli.